Hati ya kielektroniki iliyokubalika London, ikakwama Muscat na Dar es Salaam

Swali: Naishi Leicester, Uingereza. Nimesaini hati mbili za uwakilishi mbele ya notari wa hapa. Ya kwanza inampa kaka yangu aliye Muscat mamlaka ya kushughulikia mirathi ya marehemu baba yetu, aliyefia Tanzania. Ya pili inampa mdogo wangu wa Dar es Salaam mamlaka ya kuuza kiwanja changu. Notari alisema siku hizi si lazima karatasi, akanipa mafaili mawili ya PDF yenye apostili ya kielektroniki. Kaka aliprinti la kwake akaambiwa hiyo ni nakala tu. Mdogo wangu ameambiwa apostili haina kazi Tanzania. Je, nimetapeliwa?

Jibu: Dada, hukutapeliwa. Ulichopewa ni apostili, yaani cheti halali cha serikali ya Uingereza kinachothibitisha sahihi na muhuri vilivyo kwenye hati. Mafaili yako yamekwama kwa sababu mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. La Muscat huenda likaokolewa bila wewe kusaini tena. La Dar es Salaam, ushauri wangu ni uliweke kando uanze upya kwa karatasi, kwa maana kila siku utakayoitumia kubishana na kaunta kuhusu faili hilo itapotea bure.

Kwanza fungua faili mojawapo uutazame ukurasa wa cheti. Juu kabisa kuna kichwa cha Kifaransa kinachotaja Convention de La Haye du 5 octobre 1961. Chini yake kuna vipengele 10 vyenye namba: nchi, jina la aliyesaini hati, cheo chake, muhuri uliomo, kisha mahali cheti kilipotolewa, tarehe, mamlaka iliyotoa, namba ya cheti, muhuri na sahihi ya mtoaji. Visome polepole. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba yaliyoandikwa katika hati yako ni kweli, au kwamba hati yenyewe inatosha kwa kazi unayoitaka. Apostili inasema mambo matatu tu: sahihi ile ni ya notari kweli, yeye ni notari kweli, na muhuri ni wake.

Kwa hiyo ofisi inayopokea hati ina maswali mawili. La kwanza: je, cheti hiki ni cha kweli, na nchi yetu inakitambua? La pili: je, hati iliyo ndani yake ina umbo ambalo sheria yetu inalitaka kwa kazi hii? Apostili hujibu la kwanza peke yake. Watu wengi husukumana na makarani kwa sababu hawajui wamekwamia swali lipi kati ya hayo.

Mkataba wa The Hague wa 1961 ulianza kutumika Januari 1965. Kabla yake hati ilipita ofisi baada ya ofisi hadi wizara ya mambo ya nje, ikamalizikia katika ubalozi wa nchi inakokwenda. Mkataba uliikata safari hiyo ukaweka cheti kimoja, lakini baina ya wanachama tu. Uliandikwa wakati wa wino na lakiri, ndiyo maana hauna neno juu ya kompyuta. Mwaka 2003 wanachama walipokutana walikubaliana kwamba hakuna kinachozuia teknolojia mpya kutumika, na mwaka 2006 ukaanzishwa mpango wa apostili za kielektroniki pamoja na daftari za mtandaoni za kuhakikia. Msimamo wa wanachama tangu hapo ni kwamba apostili iliyotolewa kihalali na mwenzao ipokelewe hata ikiwa ya kielektroniki, na hata kama nchi inayoipokea yenyewe bado inatoa za karatasi.

Oman ni mwanachama, na mkataba unatumika huko tangu 30 Januari 2012. Uingereza imo tangu mwanzo. Njia baina ya London na Muscat, basi, iko wazi. Tanzania haimo. Rwanda imo tangu 5 Juni 2024 na Burundi tangu 2015, kwa hiyo usichukulie kwamba nchi jirani zinafuata utaratibu mmoja. Tovuti ya Mkutano wa The Hague, yaani shirika linalosimamia mkataba huu, ina jedwali la wanachama, nalo huongezeka kila mara. Liangalie kabla ya kumlipa mtu yeyote. Usiishie kuona jina la nchi. Nchi inapojiunga, mwanachama wa zamani anaweza kuweka pingamizi, na baina ya hao wawili mkataba haufanyi kazi. Mkataba ulianza kutumika India mwaka 2005, lakini Ujerumani iliweka pingamizi, na apostili ya India haikuweza kutumika Ujerumani kwa sababu hiyo. Kwa Uingereza na Oman huna tatizo hilo.

Sasa faili la Muscat. Kaka ameprinti, na kwa kuprinti amekiacha nyuma kitu chenyewe kinachofanya hati iwe halisi. Sahihi ya kidijitali si ule mchoro wa jina unaouona kwenye ukurasa. Ni hesabu iliyofichwa ndani ya faili. Programu hulipitia faili lote na kupata tarakimu ndefu inayoliwakilisha, kama alama ya kidole, kisha tarakimu hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa aliyesaini. Ukibadilisha hata nukta moja, alama ya kidole haitalingana tena, na programu itakwambia faili limeguswa. Karatasi haiwezi kubeba hesabu hiyo. Inabeba picha yake tu, na picha kila mwenye kompyuta anaweza kuitengeneza. Karani wa Muscat alipoiita nakala alikuwa amesema kweli.

Fungua faili kwa Adobe Acrobat Reader ya kompyuta, si ya simu. Programu nyingi za kusomea PDF kwenye simu huonyesha kurasa bila kuhakiki sahihi, nyingine hazionyeshi kabisa kama kuna sahihi. Kwenye kompyuta utaona mstari juu ya ukurasa unaoeleza hali ya sahihi. Alama ya kijani ya vema maana yake faili halijaguswa na cheti cha msainiji kinatambulika. Msalaba mwekundu maana yake limeharibika au limebadilishwa. Alama ya manjano ndiyo inayowatia watu hofu bila sababu: mara nyingi maana yake ni kwamba programu imeshindwa kuthibitisha ni nani aliyetoa cheti cha sahihi, labda kwa kuwa hayumo katika orodha inayoaminiwa na kompyuta hiyo, au mashine haina intaneti ya kuuliza kama cheti kimefutwa. Hapo hati haijawa ya kughushi. Ihakikiwe kwa njia ya daftari nitakayoieleza.

Tazama pia pembeni kama kuna alama ya kibanio cha karatasi. Mara nyingi unachokiona kwanza ni ukurasa wa apostili, na hati uliyoisaini imeambatishwa ndani ya faili hilohilo. Anayeprinti hupata ukurasa wa cheti peke yake, bila hati. Ukitazama alichokipeleka kaka ukakuta ni ukurasa mmoja tu, ndicho kilichotokea.

Halafu kuna njia faili lilivyosafiri. Kulituma kwa WhatsApp si kosa, maadamu limetumwa kama hati. Likipigwa picha ya skrini au likitumwa kama picha, limekufa. Likifunguliwa kwenye simu kisha likahifadhiwa upya kwa njia ya kuprinti kwenda PDF, limekufa vilevile, ingawa kwa macho halina tofauti hata kidogo. Tovuti za kupunguza ukubwa wa PDF huvunja sahihi. Kuunganisha mafaili mawili yawe moja huvunja sahihi. Wako hata wanaobandika tafsiri ya Kiarabu nyuma ya hati ndani ya faili moja ili mambo yakae pamoja, wakaiharibu hati wakidhani wanaitengeneza. Tafsiri ikae katika faili lake. Wewe baki na faili la asili kama lilivyotoka kwa notari, usilibadilishe hata jina, na kila anayehitaji mtumie kutoka hapo, si kutoka simu ya mtu wa tatu.

Mwambie kaka arudi ofisini akiwa na faili halisi ndani ya barua pepe na kwenye kidude cha USB, pamoja na karatasi moja yenye namba ya apostili na tarehe yake kama zilivyo kwenye cheti. Aombe mambo mawili kwa upole: wampe anwani rasmi ya barua pepe ya ofisi ili faili litumwe moja kwa moja, na waihakiki apostili katika daftari la mtandaoni la serikali ya Uingereza kwa kuingiza namba na tarehe. Uhakiki huo haulipiwi wala hauhitaji kusajiliwa. Karani asiyewahi kuona apostili ya kielektroniki akikuta daftari la serikali linamjibu mwenyewe, maneno hupungua sana. Kuhusu Kiarabu, hati pamoja na apostili yake zitafsiriwe na ofisi ya tarjuma yenye leseni Oman, si na mtafsiri wa Leicester, kwa kuwa tafsiri ya Uingereza nayo itahitaji kuthibitishwa.

Hayo yote ni swali la kwanza. Wakikubali cheti kisha wakasema bado wanataka hati yenye wino, wamehamia swali la pili, na hapo mkataba haukusaidii. Kila nchi inaamua yenyewe hati gani zinaweza kuwa za kielektroniki. Sheria za miamala ya kielektroniki za nchi nyingi huziweka kando baadhi ya hati, na zinazotajwa mara kwa mara ni wosia na hati za umiliki wa ardhi. Kwingine na mambo ya ndoa na mirathi. Ukiambiwa hivyo usibishane. Tengeneza hati ya karatasi.

Kuna jambo la kumuuliza notari wako leo, kwa sababu ndilo linalozigeuza hati nyingi kuwa nakala bila mwenyewe kujua. Muulize: mimi nilisaini kwa kalamu kisha wewe ukaskani, au nilisaini kielektroniki tangu mwanzo? Kama ulisaini kwa kalamu, notari akaskani na kuthibitisha kwa sahihi yake ya kidijitali, basi kilichopewa apostili ni uthibitisho wake kwamba skani inalingana na karatasi. Hati ya asili ni ile karatasi, na PDF ni nakala iliyothibitishwa, hata iwe na mihuri mingapi. Kwa benki au chuo hiyo inatosha mara nyingi. Kwa wakala, kama ndugu zetu wa Muscat wanavyoiita hati hii, ofisi inaweza kudai ya asili na ikawa na haki. Kama hali ni hiyo, karatasi iko kwa notari au iko kwako: omba iwekewe apostili ya karatasi, huna haja ya kusaini tena.

Muulize pia kama sahihi yake ina muhuri wa muda, yaani alama ya kidijitali inayoonyesha iliwekwa lini, na taarifa za uhakiki ndani ya faili. Vyeti vya sahihi za kidijitali vina mwisho, mara nyingi baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Mirathi huchukua muda, na faili lisilo na muhuri wa muda linaweza kuanza kuonyesha alama ya manjano kesi ikiwa katikati, ingawa apostili yenyewe haina tarehe ya kuisha.

Tugeukie Dar es Salaam. Mdogo wako ameambiwa ukweli: Tanzania si mwanachama, kwa hiyo apostili peke yake hailazimishi ofisi yoyote huko. Inayobaki ni njia ya zamani, ambayo kwa Uingereza ni notari, kisha wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, kisha Ubalozi wa Tanzania London. Wizara ya Uingereza hutumia cheti kilekile hata kwa nchi zisizo wanachama, ila hapo kinakuwa ngazi moja tu, na ubalozi huweka muhuri wake juu ya kazi ya wizara. Ubalozi unagonga muhuri kwenye karatasi. Faili la PDF haligongwi muhuri, ndiyo maana apostili ya kielektroniki huishia njiani kwa hati za Tanzania. Ada ya wizara ni pauni 35 kwa ya kielektroniki na pauni 45 kwa ya karatasi, bila notari wala usafirishaji. Hizo pauni 10 ulizookoa ndizo zinazokurudisha mwanzo.

Kabla hujamlipa notari mara ya pili, piga simu ubalozini uulize ada yao, siku zinazohitajika, na kama unaweza kusaini mbele ya afisa wa ubalozi mwenyewe. Hati iliyotengenezwa na afisa wa ubalozi haiingii kabisa katika mkataba wa apostili, kwa hiyo wizara ya Uingereza unaiacha pembeni. Inapokubalika, ndiyo njia fupi kuliko zote.

Matini ya hati iandikwe na wakili wa Dar es Salaam, usimwachie notari wa Uingereza. Notari wa Uingereza ana fomu nzuri kwa Kiingereza cha kwao, lakini Msajili wa Hati anataka mambo yake: namba ya kiwanja, kitalu, eneo, namba ya hati miliki, picha zako na za mdogo wako, majina na anwani kamili, na mamlaka yaliyotajwa moja moja. Kuandika kwamba anaweza kushughulikia kiwanja hakutoshi. Iandikwe kwamba anaweza kuuza, kusaini fomu za uhamisho, kupokea fedha, na kukuwakilisha mbele ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, katika kodi ya ongezeko la mtaji, kwa sababu uhamisho hausajiliwi kabla kodi hiyo haijamalizwa. Hati ya diaspora inaweza kurudishwa kwa kukosa sentensi hiyo ya TRA hata kama mihuri yote imo. Ikifika Dar es Salaam ilipiwe ushuru wa stempu bila kukawia, kisha isajiliwe kwa Msajili kabla ya mauzo. Kama kiwanja kingekuwa Unguja au Pemba, ungefuata taratibu za Zanzibar, kwa kuwa ardhi huko ina sheria na ofisi zake.

Karatasi ikisharudi kwako, isifunguliwe. Kazi ya notari wa Uingereza huja imeshonwa kwa utepe au kubanwa, ina muhuri wa kubonyeza, na cheti cha wizara hubandikwa kwenye karatasi yenyewe. Mtu akitoa pini ili aipitishe vizuri kwenye mashine ya fotokopi, ameukata uhusiano wa cheti na hati, na kaunta makini itaikataa. Mwambie mdogo wako aipige picha ikiwa imefungwa hivyohivyo. Itume kwa kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia, na usimpe msafiri.

Kwa mirathi ya baba, Muscat watamtaka kaka alete cheti cha kifo, na hapa kuna mtego. Cheti hicho ni cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, yaani ni hati ya Tanzania. Usikipeleke kwa notari wa Leicester ukitarajia apostili itakibadilisha kiwe cha kimataifa. Uingereza haiwezi kuweka apostili kwenye hati ya nchi nyingine. Itakachothibitisha ni sahihi ya notari aliyesema ameiona nakala, na Muscat wanataka kujua sahihi ya RITA. Cheti kipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania, kisha Ubalozi wa Oman ulio Dar es Salaam. Mdogo wako anaweza kuifanya kazi hiyo wakati wewe unasubiri karatasi zako London.

Kabla ya kusaini chochote upya, weka mezani paspoti yako, hati miliki ya kiwanja na cheti cha kifo, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Ukikuta Mohamed huku na Mohammed kule, au jina la ukoo kwenye paspoti lisilokuwapo kwenye hati miliki, mwambie wakili kabla hajaandika matini, ili hati ya uwakilishi iyataje majina yote mawili na kiapo cha majina kisainiwe siku hiyohiyo mbele ya notari huyohuyo. Kiapo kikisahauliwa kitapita njia yote ileile peke yake, kwa ada ileile.